Kifafa baada ya sumu ya shambani: historia fupi ya watu walioangalia vizuri

Kwa kawaida hapa tunazungumza mbegu, mbolea na bei ya mahindi Tunduma. Leo tunaweka bomba chini kidogo na kurudi kwenye historia, kwa sababu kuna swali ambalo mabwana shamba huulizwa karibu kila msimu wa kupulizia: mtu alilewa dawa shambani, akatapika, akatetemeka, akapelekwa zahanati akapona. Miezi kadhaa baadaye anaanza kuanguka. Je, ni ile dawa? Ni ugonjwa mwingine? Au amerogwa?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana kabisa ikawa ni ile dawa, na inawezekana pia ikawa kitu kingine. Jibu refu ndilo historia yenyewe. Soma mpaka mwisho, maana huko kuna mambo ya kufanya wewe mwenyewe, na hayahitaji fedha.

Haragwe la kupimia wachawi

Tuanze mbali kidogo, Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo. Huko palikuwa na mmea unaozaa haragwe liitwalo esere. Mtu akituhumiwa uchawi alinyweshwa maji ya haragwe hilo. Akitapika akapona, hana hatia. Akifa, basi alikuwa mchawi. Ukanda wetu huu nao uliujua mwavi. Mti wa mwavi ni mwingine na sumu yake hufanya kazi kwa njia nyingine, lakini desturi ilikuwa ileile: sumu ndiyo hakimu.

Wazungu walilichukua haragwe hilo wakalichunguza, na mwaka 1864 wanakemia wakafanikiwa kutoa kiini chake kinachoua, wakakiita fisostigimini. Walichokiona kwa mtu aliyekunywa ni hiki: mate mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli kuchezacheza, na pumzi kukatika. Ishike orodha hiyo kichwani. Tutaiona tena kwenye shamba la nyanya.

Mwaka 1921 Otto Loewi alifanya jaribio kwa mioyo ya vyura, akaonyesha kwamba mshipa wa fahamu huamrisha moyo kwa kumwaga kemikali. Kemikali hiyo leo inaitwa asetilikolini. Ni kama mtu anayebisha hodi: mshipa unaimwaga, msuli unasikia, unajikunja. Akishabisha, lazima aondoke mlangoni ili mwingine aweze kubisha. Kazi ya kumwondoa hufanywa na kimeng'enya maalumu, tukiite mfagiaji. Fisostigimini humfunga mikono mfagiaji huyo. Hodi zinarundikana, msuli haupumziki, tezi za mate hazifungi, na ubongo unapigiwa kelele bila kukoma. Ubongo ukipigiwa kelele kiasi hicho, huanza degedege.

Desemba 1936

Desemba 1936, Loewi na mwenzake Henry Dale walikabidhiwa Tuzo ya Nobel mjini Stockholm kwa ugunduzi huo. Mwezi huohuo, mji wa Leverkusen nchini Ujerumani, mwanakemia Gerhard Schrader wa kampuni ya IG Farben alikuwa akitafuta dawa mpya ya kuua wadudu wa mazao. Alitengeneza kemikali yenye fosfori iliyoua wadudu kwa kiasi kidogo sana. Tone dogo likamwagika kwenye maabara, na yeye na msaidizi wake wakabanwa na pumzi, macho yakaona giza. Kitu hicho kiliitwa tabuni. Hakikufika shambani. Jeshi lilikichukua, kikawa silaha ya gesi. Mwaka 1938 ikafuata sarini, ile iliyomwagwa na kikundi cha kidini kwenye treni za chini ya ardhi mjini Tokyo tarehe 20 Machi 1995.

Schrader hakuacha kutafuta dawa ya mkulima. Mwaka 1944 akapata parathioni, na baada ya vita ikaenea mashamba ya dunia nzima. Ilifuatwa na jamaa zake wengi: malathioni, klorpirifosi, fenitrothioni, profenofosi, pirimifosi-methili. Ukoo huu wote huitwa oganofosfeti, na wote hufanya kazi moja: kumfunga mikono yule mfagiaji. Wengine ni wakali, wengine wapole zaidi kwa binadamu, lakini hakuna hata mmoja wa kuchezewa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiona mwenzio anapulizia nyanya na ghafla mate yanamtoka, mboni zimekuwa ndogo na misuli ya uso inacheza, unayoyaona ni yaleyale ya Calabar, bila mchawi yeyote.

Ilivyofika ghalani kwetu

Nchi yetu ilizijua dawa hizi kupitia kahawa, pamba na mboga. Kwenye mahindi zilikuja kwa nguvu baada ya dumuzi. Mdudu huyu, ambaye wakulima wengine walimwita skania kwa jinsi anavyobomoa, aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuwa wa Afrika, alitoka Amerika ya Kati. Dawa iliyosambazwa kumkabili ilikuwa unga wa kuchanganya na mahindi, na ndani yake mlikuwa na pirimifosi-methili, mmoja wa ukoo wa Schrader, pamoja na pemethrini. Mchanganyiko huo bado unauzwa. Ukitumika kwa kipimo kilichoandikwa, umeokoa chakula cha watu wengi. Hilo lisemwe waziwazi, nisije nikaonekana nawakataza watu dawa.

Usimamizi nao una historia. Mwaka 1979 ilipitishwa sheria ya Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu, TPRI, yenye makao Arusha. Mwaka 2020 sheria mpya iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ikarithi kazi hiyo. Duniani, mkataba wa Stockholm uliiweka endosulfani kwenye orodha ya kuondolewa mwaka 2011, na klorpirifosi mwaka 2025. Endosulfani si ya ukoo wa Schrader, lakini nayo hushambulia ubongo moja kwa moja na kuleta degedege. Wakulima wa kahawa wenye umri mkubwa wanaikumbuka.

Mahenge: daktari aliyekaa akaangalia

Sasa tuje kwenye kifafa chenyewe. Mwaka 1959 daktari kijana mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Tanganyika. Huko Mahenge, Ulanga, alikuta watu wengi wenye kifafa wametengwa. Watu waliamini ugonjwa unaambukiza kwa mate na pumzi, hivyo mgonjwa akiangukia motoni hakuna aliyethubutu kumvuta. Makovu ya moto yalikuwa alama ya ugonjwa. Alianzisha kliniki ya kifafa, akawapa watu fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, na wengi wakaacha kuanguka au wakapunguza.

Lakini jambo jingine alilofanya ni kuangalia na kusikiliza. Akina mama walimweleza kwamba mtoto, kabla hajaanza kuanguka kabisa, huinamisha kichwa tena na tena kama anasinzia. Aliliandika. Miaka mingi baadaye, ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa ulipozuka Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, dunia ikarudi kusoma maandishi yake ya Mahenge. Chanzo chake kimetafutwa kwa muda mrefu, na kinahusishwa sana na usubi.

Nimeileta habari hii kwa sababu moja. Kifafa hakionekani kwa kipimo cha damu kama malaria. Kinajulikana zaidi kwa kuangalia: nini kilianza kutikisika, upande gani, kwa muda gani, na baada yake mtu alikuwaje. Anayeviona vitu hivi kwanza si daktari. Ni mama, mke, mtoto, jirani.

Kwa nini watafiti walikwenda kwa panya

Swali letu linabaki: je, sumu ya ukoo huu inaacha kifafa nyuma yake? Kwa binadamu ni vigumu kulijibu, na mkoa wetu ni mfano mzuri wa ugumu huo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliopima watu 830 katika vijiji 13 vya Mbozi. Karibu mtu 1 kati ya 6 alikutwa na dalili za kuwa na malengelenge ya tegu wa nguruwe mwilini. Lengelenge hilo likikaa kwenye ubongo huleta kifafa. Sasa fikiria mkulima wa Mbozi anayefuga nguruwe, anayepulizia kahawa, aliyewahi kuugua malaria kali utotoni na aliyewahi kuanguka na pikipiki. Akianza kifafa, utasema ni kipi kati ya hivyo?

Kuna tatizo la pili. Watafiti wa TPRI wakishirikiana na wenzao wa Cape Town walifuatilia kumbukumbu za hospitali zetu kuhusu watu waliopatwa na sumu ya viuatilifu, wakaona kwamba mara nyingi jina la dawa iliyomdhuru mgonjwa halikuandikwa. Imeandikwa tu "sumu". Huwezi kujua dawa ipi huacha kifafa kama hujui mgonjwa alipatwa na ipi.

Ndiyo maana wakaenda kwa panya. Panya wa maabara hana tegu, hana pikipiki, na kilichoingia mwilini mwake kinajulikana kwa kipimo. Maabara kadhaa Marekani, mojawapo ikiwa ya Pamela Lein katika Chuo Kikuu cha California, Davis, huwapa panya kemikali iitwayo DFP, ndugu wa karibu wa dawa zetu, kisha huwatibu kwa atropini na dawa nyingine ili wasife. Waliyoyaona ni mambo matatu.

Kwanza, panya anaweza kuokolewa kifo, lakini degedege likaendelea saa nyingi ndani ya ubongo. Pili, dawa ya kukata degedege kama diazepamu ikichelewa, nguvu yake hupungua sana. Tatu, baadhi ya panya waliopona huanza kuanguka wenyewe wiki na miezi baadaye, bila sumu nyingine. Hicho ndicho kifafa.

Panya si mtu, na kipimo cha maabara si kipimo cha shambani. Lakini njia imeonekana: sumu nyingi, degedege refu, ubongo kuumia, kimya cha muda, kisha kifafa. Kile kimya cha katikati ndicho kinachowadanganya watu kijijini. Mgonjwa amepona, ameshasahau, kisha anaanguka, na familia inatafuta aliyemroga.

Kutoka penseli hadi kamera

Hapo likaja tatizo la kuangalia. Mwaka 1972 Ronald Racine wa Canada alitengeneza ngazi tano za kupima degedege la panya: kwanza mdomo na uso hucheza, kisha kichwa hutikisika, kisha miguu ya mbele hurukaruka, kisha panya husimama kwa miguu ya nyuma, na mwisho husimama akaanguka. Ni kazi nzuri, na inatumika mpaka leo. Lakini inahitaji mtu wa kukaa na kutazama. Kifafa huja mara moja kwa siku kadhaa, pengine usiku. Mtazamaji huchoka, na watu wawili wakitazama panya mmoja huandika ngazi tofauti. Tena, ngazi hizi hupima siku ya kuanguka tu. Hazisemi lolote kuhusu kile kimya cha katikati.

Mwaka 2015 watafiti wa Harvard, chini ya Sandeep Robert Datta, walichukua kamera ya mchezo wa video, ile inayopima umbali wa kitu, wakaielekeza kwa panya. Kompyuta ikaukata mwendo wake katika vipande vidogo vya chini ya sekunde moja: kugeuka kushoto, kusimama, kutulia, kunusa. Vipande hivyo wakaviita silabi, kwa sababu mwendo hujengwa nazo kama neno linavyojengwa kwa silabi. Mwaka 2018 ikatoka programu nyingine, DeepLabCut, iliyotengenezwa na Alexander na Mackenzie Mathis pamoja na wenzao. Hiyo unaifundisha kwa picha mia mbili hivi ulizoziwekea alama za pua, masikio na mkia, kisha inafuata viungo hivyo yenyewe katika video nzima.

Mwaka 2023 Tilo Gschwind, Ivan Soltesz na wenzao waliitumia njia ya silabi kwa panya wadogo wenye kifafa. Kompyuta iliwatofautisha panya wenye kifafa na wazima kwa mwendo wao wa kawaida, bila kungoja mmoja aanguke. Iliona pia mwendo ukibadilika taratibu katika kipindi kinachofuata jeraha la ubongo, na iliona tofauti walipopewa dawa za kifafa. Panya hao hawakupewa kiuatilifu, kifafa chao kilitoka kwenye njia nyingine. Lakini kwa wanaochunguza kifafa cha baada ya sumu, faida iko wazi: kile kimya cha katikati kinaweza kusomeka. Na ukiweza kukisoma, unaweza kupima dawa ya kuzuia kifafa kabla hakijaanza, badala ya kungoja mtu aanguke ndipo umtibu maisha yake yote. Dawa ya namna hiyo bado haipo hospitalini. Ndiyo inayotafutwa.

Hili linatuhusu nini sisi wa Songwe

Kamera hiyo haitafika Nakonde wala Tunduma kesho. Lakini mafunzo yake yameshafika, na yanatosha kuokoa mtu.

*Funzo la kwanza: saa.* Kwa panya, degedege lililochelewa kukatwa ndilo lililoacha kifafa. Mtu akilewa dawa, mtoe eneo lile, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Wewe unayemsaidia vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Mlaze kiubavu. Usimtapishe, usimpe maziwa. Mwanzishe safari ya kituo cha afya wakati huohuo, usingoje kuona kama atatulia.

*Funzo la pili: jina la dawa.* Nenda na chupa yenye lebo au ipige picha. Mwambie mganga aandike jina la kiambato amilifu kwenye kadi, na wewe uliandike nyumbani kwako pamoja na tarehe. Mgonjwa akianza kuanguka baada ya miezi, karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari, na itaondoa maneno ya nani kamroga nani.

Hapa nawageukia wenzangu wenye maduka. Unapompimia mteja dawa kwenye chupa ya soda au ya maji, unakwenda kinyume cha kanuni, na umemnyang'anya jina. Siku akiletwa hospitali hakuna atakayejua alivuta nini. Uza chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, hata kama faida ni ndogo. Na dawa iliyosajiliwa Zambia haijasajiliwa Tanzania kwa kuwa tu imevuka barabara. Angalia orodha ya TPHPA.

*Funzo la tatu: angalia na rekodi.* Mtu akianguka, mmoja amsaidie, mwingine achukue simu arekodi video na muda. Daktari atajifunza mengi zaidi kutoka video ya dakika mbili kuliko maelezo ya "alitetemeka". Unafanya kazi ileile ya kamera ya Harvard. Onyesha video hiyo kituoni tu, usiitume kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Wakati huo usimwekee kijiko mdomoni, usimkandamize, ondoa vitu vigumu karibu yake, mlaze kiubavu. Likipita dakika tano bila kuisha, ni dharura.

*Funzo la nne: usikimbilie sababu moja.* Mwambie daktari kuhusu dawa ya shambani, na pia kuhusu nguruwe, malaria kali na majeraha ya kichwa. Kifafa kina milango mingi. Chochote kilichokileta, dawa za kifafa zipo na humsaidia mgonjwa akizimeza kila siku bila kuruka. Mate yake hayaambukizi. Akiangukia motoni, mvute.

Wale wa Calabar walimwachia haragwe aamue nani ana hatia. Leo, mtu anapoanguka shambani au jikoni, tusirudie hukumu ile. Tuangalie, tuandike, tumpeleke hospitali.

Msimu ujao wa kupulizia ukifika, bandika karatasi moja kwenye mlango wa stoo yako: jina la dawa, kiambato chake, tarehe uliyopulizia na aliyepulizia. Ni mistari minne tu. Mada ijayo tutarudi kwenye kuhifadhi mahindi kwa mifuko isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji unga wa dawa hata kidogo.